Maswali ya Wasomaji: Ukumbi wa Kale wa Taormina na Namna ya Kuutazama

Katika toleo lililopita safu hii iligusia kwa ufupi Taormina, mji mdogo uliojengwa juu ya kilima kando ya bahari, mashariki mwa kisiwa cha Sisilia nchini Italia, ambako yapo magofu ya ukumbi wa maigizo uliotumiwa na Wagiriki na baadaye Warumi. Barua zilizotufikia kutoka Arusha na Moshi zimekuwa nyingi kuliko tulivyotazamia. Zilizouliza jambo moja nimeziunganisha, na ile iliyonifurahisha zaidi nimeitanguliza na kuipa nafasi kubwa.

Mwalimu mstaafu wa historia, Moshi: Nakusalimu, Ndugu Mwandishi. Binti yangu anasoma Italia na amenialika nimtembelee mwakani. Katika kila picha ya Taormina ninayoonyeshwa, mambo ni yale yale: viti vya mawe mbele, ukuta wenye uwazi katikati, na kupitia uwazi huo bahari na mlima unaotoa moshi. Je, wajenzi waliacha uwazi ule makusudi ili watazamaji wauone mlima? Na kwa nini wengine huuita ukumbi wa Kigiriki ilhali wengine husema ni wa Kirumi?

Mwalimu, shikamoo. Uwazi ule haukuachwa na mjenzi yeyote. Pale ni mahali ambapo ukuta ulibomoka. Nyuma ya jukwaa palisimama ukuta mrefu wa matofali, uliopambwa kwa nguzo na sanamu, na kazi yake ilikuwa kuyafunga macho ya watazamaji yabaki kwenye mchezo, na pia kuzirudisha sauti za waigizaji kuelekea kwenye viti. Mtu wa zama za Warumi aliyekaa katika safu za chini au za kati aliuona ukuta huo na watu waliosimama mbele yake, basi. Waliokaa juu kabisa huenda walikiona kilele cha mlima huo, yaani volkano ya Etna, kikichungulia juu ya ukuta, lakini mandhari ambayo leo watu husafiri maelfu ya kilomita kuja kuipiga picha ilikuwa imefichwa na jengo lenyewe.

Mshairi Goethe wa Ujerumani alifika hapo mwaka 1787, akapanda hadi kwenye safu za juu, na akaandika kwamba pengine hakuna watazamaji wa ukumbi wowote waliowahi kuwa na mambo kama yale mbele ya macho yao. Kwa heshima zote alizo nazo, nadhani hapo alisifu kitu ambacho watazamaji wa kale hawakupewa. Tangu wakati huo wageni wamekuwa wakipita mbele ya ukuta kuuwahi mlima, na kwa maoni yangu hilo ndilo kosa kubwa la ziara nyingi za Taormina.

Sasa nije kwenye swali lako la pili, ambalo jibu lake ni kwamba wote wawili wana haki. Wagiriki walifika ufuoni, chini ya kilima hicho, mwaka 734 KK, wakaanzisha mji wa Naxos, ambao huhesabiwa kuwa makazi yao ya kwanza kabisa katika Sisilia. Mwaka 403 KK Dionysius, mtawala wa Siracusa, mji mwingine wa Kigiriki katika kisiwa hicho hicho, aliuvunja mji huo na kuwatawanya watu wake. Mwaka 358 KK kiongozi aliyeitwa Andromachus aliwakusanya waliosalia na kuwaweka juu, kwenye kilima cha Tauro, mahali ambapo adui hawezi kupanda bila kuonekana, na mji huo ukaitwa Tauromenion. Ukumbi wenyewe ulijengwa katika karne ya 3 KK, na wataalamu wengi huuhusisha na enzi za Hiero II wa Siracusa, kwa kuwa jina la mkewe, Philistis, limekutwa likiwa limechongwa kwenye baadhi ya viti vya mawe. Kisha katika karne ya 2 BK Warumi wakaujenga upya karibu wote, wakaupanua, wakausimamishia ule ukuta wa matofali. Hivyo mahali, umbo la bonde la viti na sehemu ya mawe ni vya Wagiriki, na sehemu kubwa ya kile kinachoonekana kikiwa kimesimama ni cha Warumi.

Huhitaji kitabu kuyatambua hayo ukiwa pale. Tazama mwamba wa kilima uliochongwa kuwa sehemu za viti, kisha geukia ukuta wa jukwaa na usogee karibu. Sisi tuliozoea tofali nene la kuchoma, lile ambalo mkono mmoja hulishika kwa taabu, tutashangazwa na tofali la Kirumi, kwa kuwa ni jembamba na pana, na kati ya safu na safu kuna chokaa nene iliyokauka ikawa ngumu kama jiwe. Ndani ya ukuta huo utaona vishubaka vilivyokuwa na sanamu na milango ambayo waigizaji walitokea. Nguzo chache zilizosimama mbele yake leo hazikusimama hivyo tangu zamani, maana zilinyanyuliwa na kurudishwa katika karne ya 19, wakati wa ukarabati. Picha moja unayoonyeshwa, Mwalimu, ina kazi za mikono ya zama tatu zilizopishana kwa zaidi ya miaka elfu mbili.

Kuhusu ukubwa, kipenyo cha eneo la viti ni kama mita 109, yaani kinazidi kidogo urefu wa kawaida wa uwanja wa mpira wa miguu, na duara la chini mbele ya jukwaa lina upana wa kama mita 35. Katika Sisilia nzima ni ukumbi wa Siracusa tu unaouzidi. Duara hilo la chini lina historia yake pia. Warumi walipoanza kupenda mapambano ya watu na wanyama kuliko tamthilia, safu za chini za viti ziliondolewa ili uwanja upanuke na watazamaji wakae mbali na hatari. Baadaye ukumbi ukaachwa, na mawe yake mazuri yakachukuliwa kujengea kwingine mjini.

Ushauri wangu ni huu. Ukiingia, usipande kwanza. Shuka hadi kwenye duara la chini, usimame ukiupa mlima mgongo kwa kuangalia viti, na useme maneno machache kwa sauti ya kawaida wakati binti yako ameketi juu. Halafu geuka, uutazame ukuta kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, na ujaribu kuliziba pengo kwa mawazo. Ukishaujenga kichwani, hapo ndipo upande juu kabisa ukautazame mlima, ukijua ni nini kilichoanguka ili wewe uuone.

Mume na mke, Njiro, Arusha: Tunaweka akiba kwa ajili ya safari ya kuadhimisha ndoa yetu. Tungependa kujua njia ya kutoka KIA hadi Taormina, taratibu za viza, na kama ni lazima kulala katika mji wenyewe ambao tunasikia ni wa matajiri.

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Kilimanjaro hadi Sisilia, kwa hiyo mtabadilisha ndege angalau mara moja. Njia fupi ni kupitia Istanbul, kwa kuwa shirika la Uturuki hutua KIA na pia huruka kutoka Istanbul hadi Catania, jiji lenye uwanja wa ndege ulio karibu zaidi na Taormina. Njia nyingine ni kupitia Addis Ababa hadi Roma, kisha ndege ya ndani hadi Catania. Linganisheni nauli za miezi tofauti kabla ya kukata tiketi, maana Julai na Agosti Wazungu wenyewe wako likizoni na kila kitu hupanda.

Wasio na haraka, na ninyi mnaosherehekea ndoa sidhani kama mnayo, wanaweza kupanda treni ya usiku kutoka Roma. Treni hiyo hufika mwisho wa nchi kavu, ikakatwa vipande, ikaingizwa ndani ya meli pamoja na abiria wake, ikavushwa katika mlango-bahari wa Messina, kisha ikaunganishwa tena upande wa Sisilia na kuendelea na safari kando ya bahari. Abiria anaweza kushuka behewani na kupanda juu ya meli kupunga upepo wakati treni imetulia tumboni mwa chombo. Husimama katika stesheni ya Taormina-Giardini, ambayo iko chini ufuoni, na kutoka hapo basi hupanda kwa kona nyingi hadi mjini. Mkitua Catania, kuna basi la moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege linalochukua kama saa moja na nusu, na pia kuna treni kutoka stesheni kuu ya jiji.

Viza mnayohitaji ni ile ya Schengen, yaani ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, ya muda mfupi, inayoruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya kipindi cha siku 180, na kwa safari ambayo Italia ndiyo mwenyeji mkuu maombi huelekezwa kwa ubalozi wa Italia ulioko Dar es Salaam. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi hata ombi likikataliwa. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasichelewe kupita siku 15 kabla yake, ingawa mwenye busara hangoji siku hizo za mwisho. Hati ya kusafiria iwe na uhai wa angalau miezi mitatu baada ya tarehe ya kuondoka Ulaya, na bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000. Zaidi ya hayo, kinachotazamwa kwa jicho kali ni ushahidi kwamba mna kitu cha kuwarudisha nyumbani: leseni ya biashara, barua ya mwajiri, hati za nyumba, cheti cha ndoa, taarifa za benki za miezi kadhaa zinazoonyesha fedha zikiingia na kutoka kwa mwendo wa kawaida. Fedha nyingi zilizoingizwa wiki moja kabla ya kuomba huibua maswali kuliko kiasi cha wastani kilichotulia.

Kuhusu malazi, mmesikia kweli. Taormina yenyewe ni ghali. Giardini Naxos, mji wa ufuoni ulio chini ya kilima, una nyumba za wageni za bei nafuu zaidi, na mabasi ya kupanda juu yapo mchana kutwa. Faida ya ziada ni kwamba hapo hapo Giardini kuna masalio ya ule mji wa Naxos niliomweleza Mwalimu, kwa hiyo mtaanza historia pale ilipoanzia kabla ya kuipandia juu.

Kijana wa Kaloleni, Arusha: Mama yangu ana umri wa miaka 68 na magoti yanamsumbua. Ndugu zangu wanasema mji wa kilimani haumfai. Naomba ushauri wako.

Mpe mama salamu zangu, na uwaambie ndugu zako kwamba anaweza kwenda, ilimradi msimpitishe kila mahali. Kilima chenyewe hapandi kwa miguu. Kutoka ufuo wa Mazzarò kuna vibanda vinavyoning'inia kwenye nyaya, ambavyo huwapandisha watu hadi mjini kwa dakika chache, na mabasi pia yapo. Akishafika juu, barabara kuu ya mji, iitwayo Corso Umberto, ni ya waenda kwa miguu na haina mwinuko mkubwa. Huanzia kwenye lango la Messina na kuishia lango la Catania, ikiwa na viti na mikahawa njiani. Njia ya kutoka karibu na lango la Messina hadi mlango wa ukumbi ina mwinuko mdogo ambao mtu anaweza kuutembea polepole kwa kupumzika.

Ugumu uko ndani ya ukumbi. Ngazi za kale hazikujengwa kwa kipimo cha ngazi za nyumbani; baadhi ni ndefu, zimelika, na nyingi hazina mahali pa kushikilia. Mama akae katika sehemu za chini karibu na jukwaa, ambako kwa maoni yangu ndiko ukuta unakoonekana vizuri zaidi, na asijione amekosa kitu kwa kutopanda juu. Mandhari ya bahari na mlima ataipata bila ngazi katika bustani ya mji, iliyo umbali mfupi kutoka hapo, ambayo iliwahi kuwa ya mwanamke Mwingereza aitwaye Florence Trevelyan na leo iko wazi kwa watu wote. Ina njia tambarare, miti ya kivuli na mabenchi yanayotazama upande wa Etna.

Mahali pawili msimpeleke: kijiji cha Castelmola kwa njia ya miguu, kwa kuwa kiko juu zaidi ya Taormina na njia hiyo ni ya ngazi, na kisiwa kidogo cha Isola Bella, ambacho hufikiwa kwa kushuka ngazi nyingi na kuvuka ukanda mwembamba wa kokoto ambao mara nyingine hufunikwa na maji. Avae viatu vyenye soli isiyoteleza, achukue kofia na chupa ya maji, maana ndani ya ukumbi hakuna kivuli cha kutegemea. Aprili, Mei na Oktoba zitamfaa kuliko miezi ya kiangazi.

Mwongoza watalii, Usa River: Mimi nimezaliwa na ninafanya kazi chini ya Mlima Meru. Huo Etna una nini cha kumshangaza mtu wa huku? Na je, moshi wake hauwezi kuharibu safari?

Kwa urefu, Etna hautakushangaza. Una zaidi ya mita 3,300, wakati Meru una zaidi ya mita 4,500 na Kibo ina mita 5,895. Hata kipimo cha Etna hubadilika, kwa sababu kila mlipuko huongeza au kubomoa kitu kileleni. Tofauti ni kwamba Meru ulitoa majivu mara ya mwisho mwaka 1910, wakati Etna hauna subira hiyo, na mara nyingi haumalizi miaka miwili bila kulipuka kwa namna fulani. Wa kwetu unaokaribiana nao kwa tabia ni Ol Doinyo Lengai, ila wenyewe uko mbali na miji, ilhali chini ya Etna wanaishi mamia ya maelfu ya watu. Mwaka 1669 lava yake ilifika hadi Catania, na mwaka 1928 iliufunika mji mdogo wa Mascali, ulio kati ya Catania na Taormina.

Taormina iko umbali wa kama kilomita 30 kutoka kileleni, na kwa hiyo mgeni aliyeketi ukumbini huona moshi, na akibahatika usiku huona wekundu wa lava, bila kuwa hatarini. Usumbufu hutokana na majivu. Yanapokuwa mengi uwanja wa ndege wa Catania hufungwa kwa saa kadhaa au zaidi, ndege zikapelekwa Palermo au kuahirishwa, na mwenye tiketi ya kuunganisha siku hiyo hiyo hujikuta amekwama. Weka siku ya akiba kabla ya ndege yako ya kurudi. Kama unataka kuuona mlima ukiwa wazi, unajua kanuni bila mimi kukufundisha: asubuhi na mapema, kabla mawingu hayajajikusanya. Mlango wa ukumbi hufunguliwa saa tatu asubuhi, na saa hiyo jua liko upande wa mashariki likiumulika mlima badala ya kukupiga machoni.

Msomaji wa Bondeni, Arusha: Assalamu alaykum. Nimesikia Sisilia ilitawaliwa na Waislamu. Je, Taormina kuna alama yoyote ya wakati huo? Na msafiri Mwislamu atakula nini?

Wa alaykumu s-salaam. Ulichosikia ni kweli. Majeshi ya Waislamu kutoka Afrika Kaskazini yalitua Mazara, magharibi mwa kisiwa, mwaka 827, yakaichukua Palermo mwaka 831, na Taormina, iliyokuwa ngome ya Wabizanti, yaani dola ya Kirumi ya Mashariki, ikashindikana kwa miongo mingi hadi ilipoanguka mwaka 902. Wakazi waliasi baadaye, na baada ya mji kuchukuliwa tena mwaka 962 ukapewa jina la al-Mu'izziyya, kwa heshima ya Khalifa al-Mu'izz wa Wafatimi, nasaba ya Kishia iliyotawala Afrika Kaskazini, yule yule ambaye jeshi lake liliasisi jiji la Kairo miaka michache baadaye. Wanormani, wapiganaji Wakristo wenye asili ya kaskazini mwa Ufaransa, waliuteka mwishoni mwa miaka ya 1070.

Ndani ya ukumbi hutakuta alama ya kipindi hicho. Mjini lipo jengo la Palazzo Corvaja, karibu na lango la Messina, ambalo kiini chake ni mnara wa enzi za Waarabu uliokuja kuzungushiwa kuta za baadaye. Anayetaka kuona zaidi aende Palermo, ambako majengo yenye mchanganyiko wa sanaa ya Kiarabu na Kinormani yamo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2015. Hata hivyo, ukitazama mashamba ya ndimu na machungwa kwenye miteremko na mifereji inayoyanywesha, hapo pia uko mbele ya kazi iliyopanuliwa sana na Waarabu.

Kuhusu chakula, chukulia kwamba nyama ya mkahawani si halali mpaka uhakikishiwe. Samaki wapo tele. Tambi zenye biringanya, nyanya na jibini, ambazo ni mapishi ya Catania, hazina nyama. Mabonge ya wali yaliyokaangwa huuzwa kila mahali, lakini ndani huweza kuwa na nyama ya nguruwe, hivyo uliza aina ya mchicha au biringanya. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kuhusu vitu vitamu: ganda la kanoli, kile kitafunwa chenye umbo la bomba na jibini tamu ndani, kwa mapishi ya asili hukandwa kwa mafuta ya nguruwe na divai, na mafuta hayo huitwa *strutto*. Jifunze neno hilo moja na uliulize kabla ya kununua. Granita, yaani barafu laini ya lozi au ndimu inayolika asubuhi, haina shida, ila mkate mtamu unaoletwa pamoja nayo uuulizie pia. Msikiti uko Catania.

Mwanafunzi wa sanaa za maonyesho, Moshi: Je, ukumbi huo bado unatumika kwa maigizo, au ni wa kutazamwa tu?

Bado unatumika, tena sana. Kila kiangazi kuna matamasha ya muziki, opera, maigizo na tamasha la filamu la Taormina. Viongozi wa G7, kundi la mataifa saba tajiri, walipokutana mjini hapo Mei 2017, mkutano ambao Rais Uhuru Kenyatta wa Kenya alikuwa miongoni mwa wageni waalikwa, walipelekwa humo kusikiliza muziki. Lakini kwa mwenye shauku ya usanifu, miezi hiyo ina hasara yake. Jukwaa la chuma, taa na spika hufunika sehemu ya mbele ya ukuta, mabenchi ya mbao huwekwa juu ya safu za kale, na siku za maonyesho mlango hufungwa mapema kwa wageni wa mchana. Kama unaweza kwenda mara moja tu, nenda nje ya kiangazi. Na ukishautoka, tafuta nyuma ya kanisa la Santa Caterina, hapo hapo mjini, ukumbi mdogo wa Kirumi wa Odeon, ambao watu hupita bila kuutambua. Umejaa majani kidogo na huna haja ya kununua tiketi ili uuone.

Msomaji wa Rau, Moshi: Ulaya ni mbali na viza ni bahati nasibu. Je, hapa Afrika hakuna kumbi za namna hiyo?

Zipo, na baadhi zimesalia vizuri kuliko ya Taormina. Huko Sabratha, Libya, ufuoni kabisa, upo ukumbi wa Kirumi ambao ukuta wake wa jukwaa wenye ghorofa tatu za nguzo ulisimamishwa upya na wachimbaji wa Kiitalia katika miaka ya 1930. Kwa hali ya usalama ilivyo simshauri mtu kwenda sasa, lakini picha zake ndizo zitakazomwonyesha Mwalimu wetu wa hapo juu jinsi ukuta wa namna hiyo ulivyokuwa kabla ya kuanguka. Aleksandria, Misri, katika eneo la Kom el-Dikka, upo ukumbi mdogo wenye viti vya marumaru uliofukuliwa kuanzia miaka ya 1960, katikati ya jiji, na unaweza kuutembelea kwa mguu. Algeria ina Timgad, magofu ya mji wa Kirumi wenye ukumbi wake.

Chaguo langu kwa msafiri wa Afrika Mashariki ni Dougga, kaskazini mwa Tunisia, mji mzima wa kale ulio juu ya kilima, uliowekwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1997. Ukumbi wake ulijengwa mwaka 168 BK au mwaka mmoja baadaye, huingiza watu kama 3,500, na viti vyake viko katika hali nzuri kiasi kwamba maonyesho bado hufanyika humo. Uko kama kilomita 110 kutoka Tunis, ndani ya nchi na si pwani, kwa hiyo asiyetaka kuikosa bahari alale Tunis na aende Dougga kwa siku moja, akianza safari alfajiri ili arudi kabla ya giza.